Nyanya Asiye Wangu

Jumamosi, 3 Mei 2014

Daftari hili Solange, mwajiri wangu, alinipa niandikemo joto la maziwa. Kurasa za mbele nimeandika maziwa. Huku nyuma naandika mambo yangu kwa Kiswahili, maana hakisomi.

Soko limefunguliwa leo. Theluji imeisha juzijuzi tu na wauzaji wengi hawana kitu zaidi ya miche na vitunguu vya majani. Sisi tulileta jibini za majira ya baridi. Solange alisimama mbele, mimi nyuma nikikata na kufunga. Kila mteja humuuliza lilelile: umetoka wapi? Naye huwajibu: Cantal, milimani, katikati ya Ufaransa, kijiji cha nyumba kumi na tisa. Kisha huwasimulia nyanya yake, aliyekuwa akipanda mlimani na ng'ombe kila mwezi wa tano, akalala kwenye kibanda cha mawe hadi mwezi wa kumi, akitengeneza jibini moja kubwa kwa siku, na Jumapili akishuka kwa miguu kusikiliza misa, viatu mkononi ili visichakae. Watu husimama wakisikiliza, midomo wazi. Halafu hununua.

Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumanne, 6 Mei

Janvier, mume wangu, huniacha shambani kabla ya kwenda kiwandani kwake. Kutoka Eagan, tunakoishi hapa Minnesota, tunapita Savage, vile viwanda na vilima vya mchanga kando ya mto, kisha ghafla ni majani matupu na ng'ombe kumi na wanane wa Solange na mumewe. Mumewe ni mtu wa kukamua tu, haongei.

Kazi hii nilitafutiwa na Mumbi, Mkenya tunayesali naye. Yuko katika ofisi inayowatafutia wakimbizi kazi. Alijua kwamba nilitengeneza jibini kwetu Masisi, na Solange alipotafuta mtu anayejua maziwa na Kifaransa, Mumbi alinipigia simu nikiwa bado nakunja maboksi kwenye bohari.

Aliyenifundisha ni mzee Eliakim. Nilikuwa na miaka kumi na saba, baba amekufa, na wanaume wa kiwanda chake kidogo cha jibini kilimani walisema mwanamke akiwa katika siku zake maziwa hayagandi. Mzee akawaambia, "Maziwa hayana macho." Siku hiyohiyo akanipa kisu cha kukatia. Miaka sita nilisimama kando yake. Vita vilipofika mlangoni alitupakia mimi na mama yangu kwenye gari la kubebea maziwa, yeye akabaki kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha.

Naandika hili ili nisisahau mimi ni nani. Sijui kwa nini leo nimehisi haja ya kuliandika.

Jumamosi, 24 Mei

Solange alikwenda kununua kahawa, nikabaki mezani. Mama mmoja wa kofia ya majani aliniuliza kama nami natoka Cantal. Nikasema hapana, Kongo, mashariki, na kwetu pia tunatengeneza jibini. Uso wake ukabadilika ukawa wa msibani. "Oh, pole sana," akasema, na akaanza kuniuliza kuhusu vita, na kama mimi mwenyewe nilifanyiwa yale mambo ambayo wanawake wa huko hufanyiwa. Hapo, mbele ya watu, katikati ya asali na maua. Nilisema nilibahatika. Akanishika mkono. Kipande cha jibini alichokuwa amekichagua akakirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha marehemu, akaondoka.

Solange aliporudi aliuliza kama nimeuza. Nikasema hapana.

Jumatano, 4 Juni

Mvua. Mama yake Solange ameanguka, kule kwao. Solange anasafiri kesho. "Maziwa nakuachia wewe, na soko nakuachia wewe," aliniambia. "Sina mtu mwingine." Alilia akiwa ameshika ufagio.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua tena, tumefunika meza kwa plastiki. Mumbi alinipeleka kwa gari lake akabaki kunisaidia, maana hununua mboga zake palepale.

Wakaja mzee na mkewe chini ya mwavuli mmoja. Wakasoma kibao, "Jibini ya mashambani, kwa mtindo wa Cantal," wakaniangalia, wakasikia lafudhi yangu ya Kifaransa. "Kwa hiyo nawe unatoka huko?" mke akauliza. Uso wake ulikuwa mkunjufu. Nikauona tayari ule uso mwingine, wa msibani, ukijiandaa nyuma yake.

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Lakini wao walisimama wakingoja mengine, na mengine nilikuwa nayo, nimeyasikia Jumamosi tano mfululizo. Nyanya yangu, nikasema, alikuwa akipanda mlimani kila mwezi wa tano. Kibanda cha mawe. Viatu mkononi. Nilipofika kwenye viatu yule mke alishika kifua chake.

Walinunua vipande viwili vikubwa. Mumbi alicheka mpaka akashika meza. "Aki Perpétue! Kumbe wewe ni Mfaransa na hukutuambia!"

"Nimesema uongo, Mumbi."

"Uongo gani? Hiyo ni marketing tu. Huku kila mtu anajiuza, usijistress."

Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma ninapoandika: kwamba nilicheka vizuri, kwa moyo wote.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema tena. Mara nne, au tano.

Alhamisi, 19 Juni

Mto umefurika. Barabara ya Savage imefungwa na askari wakaturudisha. Janvier alizunguka mbali sana hadi akanifikisha, na akasema kesho hataweza. Jibini ya Cantal inataka siku mbili: unaibana, unaivunja tena, unaitia chumvi, unaibana upya. Mimi nina leo tu, na maziwa yamejaa pipa.

Basi nikafanya ya kwetu. Maziwa yalipoganda nilipunguza maji yake, nikamimina maji ya moto, nikapima joto kwa kiwiko, nikaosha yale mabonge hadi yakawa laini na matamu. Saa tisa nilikuwa nimemaliza. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii mikono yangu haikuniuliza kitu. Niliimba. Mume wa Solange alichungulia, akatabasamu, akarudi kwa ng'ombe.

Jumapili, 29 Juni

Solange amepiga simu. Mama yake hali si nzuri, atakaa. Akaniuliza soko linaendaje. Nikasema wateja wanamsalimia. Hiyo ilikuwa kweli. Nilichagua ile iliyo kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Nilipeleka zile za tarehe 19 Juni. Nilikuwa na nafasi ya kuandika chochote kwenye kikaratasi. Nilishika kalamu muda mrefu. Niliandika: "Jibini ya Nyanya."

Ziliisha kabla ya saa nne. Hata yule mama wa kofia ya majani alirudi. Hakunitambua, au alijifanya. Nilimsimulia mlima wote na akanunua nusu nzima.

Kisha msichana wa gazeti dogo la mtaa alinipiga picha. Aliuliza nyanya aliitwa nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema Joséphine. Ni jina la mama yangu mzazi, aliyezikwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Jumatatu, 14 Julai

Sikulala vizuri. Nimetengeneza nyingine nane.

Jumamosi, 26 Julai

Nitaandika yote, kama yalivyokuwa.

Joto kali, watu wengi. Nilikuwa na wateja kama saba mbele ya meza na nilikuwa katikati ya hadithi, pale nyanya anapovua viatu. Nikamwona Mukamana nyuma yao. Mukamana anafanya usafi katika hospitali moja Saint Paul, tunakutana kanisani mara mojamoja. Alikuwa amemshika mkono mzee mmoja aliyevaa koti la baridi katika joto lile, koti la kugawiwa, mikono mirefu kupita vidole. Nikamwangalia huyo mzee kama ninavyowaangalia wazee wote. Halafu akavua kofia.

Alikuwa mzee Eliakim.

Nilijua Mukamana ana baba, nilijua anangoja baba yake aletwe kutoka kambini. Lakini Mukamana sikuwahi kumwona kule Masisi, na baba yake humwita kwa jina la nyumbani, sikuwahi kuunganisha. Miaka sita sijamwona, na kwa muda huo wote nilimhesabu miongoni mwa wafu. Alikuwa amekonda, kichwa cheupe, lakini aliniangalia jinsi alivyokuwa akiangalia maziwa yakianza kuganda, bila kupepesa.

Mwanamume mmoja mbele yangu akasema, "Endelea, na kibanda je?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuruka ile meza. Nimefikiri mchana wote, na kila ninapofikiri naona jinsi ilivyokuwa rahisi. Lakini wateja walikuwa saba na nyuso zao zote zilikuwa kunjufu, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Nikasema kibanda kilikuwa cha mawe meusi. Nikasema kila kitu ninachokijua kuhusu jibini nilifundishwa na nyanya yangu, kule Ufaransa.

Mzee aliinamisha kichwa kwa Mukamana. Kiingereza hajui. Nilimsikia akiuliza kwa Kiswahili chetu, "Anasema nini?"

Mukamana hakutaka kusema. Aliangalia chini.

"Sema, mwanangu. Anasema nini?"

"Anasema alifundishwa na nyanya yake, papa. Kule Ulaya."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu anayepokea habari za safari. Wateja walipopungua alisogea mezani. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema mzee wangu, shikamoo, Mungu wangu, uko hai. Yeye akawahi. Akanyoosha kidole kwenye kipande kidogo kabisa, akasema kwa Kifaransa cha adabu, kile cha kuongea na wageni, "Hicho, tafadhali, madame."

Nilimfungia. Karatasi ikachanika, nikachukua nyingine. Nikamwambia kwa sauti ndogo achukue tu, asilipe. Akaweka noti mezani na akangoja chenji. Nikampa chenji. Akamega kidogo, akaweka mdomoni, akafumba macho.

Alijua. Hakuna anayeosha kwa maji ya moto namna ile isipokuwa yeye na sisi tuliosimama kando yake.

"Merci, madame," akasema. Akavaa kofia yake, Mukamana akamshika mkono, wakaondoka kupitia upande wa maua.

Baada ya hapo niliuza hadi saa saba. Naandika hilo pia. Niliuza hadi saa saba.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Janvier kichwa kinauma.

Jumamosi, 2 Agosti

Gazeti limetoka. Picha yangu ni kubwa. Juu yake: "Kutoka milima ya Cantal hadi soko letu." Muuza asali alinikatia nakala akaniletea kwa furaha. Nikaikunja nikaificha ndani ya buti la kazi.

Jumapili, 3 Agosti

Janvier ameliona gazeti kwa mwenzake wa kiwandani. Alikuja nalo, akakaa, akalisoma lote akifuatisha maneno kwa kidole, maana Kiingereza chake ni cha taratibu.

"Joséphine," akasema. "Huyu ni mkwe wangu?"

"Janvier..."

"Mimi ndiye niliyechimba kaburi lake. Niambie tu, ili nijue. Sasa amezikwa Ufaransa?"

Hakupandisha sauti, Janvier hapandishi sauti. Nikamwambia na habari ya mzee Eliakim. Hapo alisimama. Akaenda dirishani.

"Umekwenda kumsalimia?"

"Bado."

"Siku ngapi?"

"Nane."

"Perpétue," akasema, "wateja wako wewe unawaogopa kuliko mimi ninavyomwogopa msimamizi wangu."

Jumamosi, 9 Agosti

Joto. Nimesema habari za nyanya, lakini kwa ufupi.

Jumamosi, 16 Agosti

Kwa ufupi.

Alhamisi, 21 Agosti

Solange amerudi jana. Mama yake amezikwa wiki mbili zilizopita, katika kile kijiji cha nyumba kumi na tisa ambazo sasa, anasema, sita tu zina watu. Nilikuwa naosha mapipa alipoingia na gazeti. Alikuwa amekutana nalo limebandikwa dukani Savage.

Tangu siku ya kwanza Solange na mimi tunaitana kwa Kifaransa "tu", yaani wewe, kama ndugu. Leo alianza na "vous", nyinyi, kama kwa mgeni.

"Nyanya yangu aliitwa Marthe," alisema. "Nyinyi mmempa jina gani?"

Nikamwambia ni jina la mama yangu.

"Viatu vilikuwa vya Marthe. Ana picha navyo. Nimetoka kuishika hiyo picha, nimetoka kumzika binti yake." Alikuwa akiongea polepole, kana kwamba kila neno lina uzito wa ndoo. "Mngeniomba chumba ningewapa. Mngeniomba likizo, gari, ningewapa. Nyanya hamkuomba."

Nilisema nisamehe. Akashuka kwenye chumba cha chini tunakohifadhi jibini, akarudi na moja ya zile zangu, akaikata palepale kwenye sinki, akaonja.

"Hii si ya kwetu. Marthe angewatupia nguruwe wake." Akaonja tena. "Ni nzuri. Lakini si ya kwetu. Ni ya nani?"

"Ya Masisi."

"Na aliyewafundisha?"

Nikasema jina lake kwa sauti, mara ya kwanza mbele ya mtu asiye wa kwetu: Eliakim. Nikamwambia na ile Jumamosi ya koti la baridi. Nilimaliza nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nimeiba kitu kimoja. Leo, nikimsikiliza, nimeona ni viwili. Nilichukua nyanya wa mtu, na kazi ya mzee wangu nikaenda kumwekea miguuni huyo nyanya.

"Jumamosi hii nitakata na kufunga mimi," Solange alisema mwishoni. "Nyinyi mtasimama mbele."

Jumamosi, 23 Agosti

Nilisimama mbele. Kikaratasi kipya niliandika mwenyewe: "Jibini ya Masisi, Kongo." Karibu kila mteja wa kudumu aliuliza, na karibu kila mmoja nilimwambia: mimi si wa Cantal, nilisema uongo, samahani. Nilijiandalia maneno hayo kwa Kiingereza usiku kucha na bado yalitoka yamevunjika.

Wengine walicheka wakasema si kitu. Hao ndio waliokuwa wagumu zaidi. Mwanamume mmoja alisema amewapeleka wageni wake wote kwangu, akaniuliza kama angalau jibini yenyewe ni jibini. Yule mama wa kofia ya majani alinisikiliza hadi mwisho, akawa mwekundu shingoni. Kisha akasema, "Mara ya kwanza uliniambia ukweli, sivyo? Nami nikakufanya nini?" Alinunua kipande, akaniomba nimwandikie neno Masisi kwenye karatasi.

Tulirudi na zaidi ya nusu ya jibini. Solange aliendesha hadi mtoni. Hapo akasema, "Ulisimama vizuri." Alisema "tu".

Jumapili, 31 Agosti

Nimekwenda Saint Paul kwa Mukamana. Alinifungulia mlango nusu. "Mzee amelala." Ilikuwa saa tisa mchana na nilisikia redio na mtu akikohoa. Nikaacha salamu.

Jumapili, 14 Septemba

Amelala.

Jumamosi, 20 Septemba

Baridi imeanza kuuma asubuhi. Maboga kila mahali. Mumbi alinirudisha nyumbani. Alikuwa akilalamika kuhusu kazi yake, anavyofanya siku zote akiendesha.

"Nina mzee mmoja wa kwenu, Masisi huko huko, amekuja mwezi wa sita. Nimemuuliza, mzee, ulikuwa unafanya kazi gani? Ati hakuna. Nikamuuliza tena, kulima? Kufuga? Ati hajui kazi yoyote, niandike hakuna. Sasa mtu kama huyo nita-mplace wapi? Nikampeleka kupanga hanga za nguo. Na mikono yake, Perpétue! Si mikono ya mtu aliyekaa bure."

Nikamwambia asimamishe gari. Alisimama kando ya barabara. Nikafungua mlango, nikatapika kwenye majani.

Jumapili, 28 Septemba

Safari hii sikuuliza kama amelala. Nilimwambia Mukamana nitakaa kwenye ngazi. Nilikaa. Baada ya muda mlango ukafunguka na mzee mwenyewe akasema, "Ingia, utapata baridi ya mgongo."

Nilipiga magoti pale sebuleni, kwenye zulia. Hakunizuia wala hakuniinua. Nilimwambia yote na sikujitetea. Nilipomaliza alikuwa akiangalia mikono yake.

"Mimi nilikusamehe siku ileile," alisema. "Hiyo si kazi kubwa. Nilikuona uko mzima, umenenepa, una meza yako. Nikamwambia Mukamana, twende, tusimharibie mtoto kazi."

"Na kwa Mumbi? Kwa nini ulisema hujui kazi?"

Aliigeuza mikono yake, viganja juu.

"Wewe unajua Kiingereza, Perpétue. Umekaa hapa miaka. Nikasema moyoni, kama yeye, na akili zake, ameona Masisi si kitu cha kusema mbele ya watu, basi anajua sababu. Mimi nimefika jana. Yule maman wa ofisi aliponiuliza, nikaona haya. Miaka thelathini na nne sijawahi kuionea haya kazi yangu. Sikuwa na haya hiyo nilipotoka kambini. Niliipata huku."

Hakusema niliipata kwako. Ni mwungwana. Lakini tulikuwa wawili tu chumbani, na haya hiyo ilikuwa na mahali ilipotoka.

Nikamwambia, "Mzee, Solange anataka kukuona. Anataka mtu wa kusimamia chumba cha chini majira ya baridi. Lakini ofisi lazima ipeleke karatasi, na karatasi inasema hujui kitu."

"Basi inasema hivyo."

"Twende ikabadilishwe."

"Nitafikiri," akasema. Mukamana alileta chai. Tulikunywa tukiongea habari za mvua.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mzee alikubali. Nilimchukua kwa basi, amevaa lile koti, sasa linafaa hali ya hewa. Njia nzima alikaa upande wa dirisha. Ofisini aliketi kwenye ncha ya kiti. Mumbi alikuwa na haraka, watu walikuwa wengi, lakini alipotuona pamoja aliacha kalamu akaniangalia, na nadhani alielewa huyu mzee ni nani kwangu, na kwa nini nilitapika.

"Shikamoo mzee. Tunaanza upya, sawa? Kazi uliyokuwa ukifanya nyumbani?"

Mzee aliangalia sakafu. Nilitaka sana kumjibia. Neno lilikuwa mdomoni mwangu limeiva. Nikaubana mdomo, kwa sababu kiangazi hiki nimesema mengi mno yasiyo yangu.

"Jibini," akasema.

"Pole, mzee, sijakusikia."

"Ninatengeneza jibini."

Mumbi akaandika. "Miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

Vidole vya Mumbi vikasimama kwenye kompyuta, kisha vikaendelea. "Wapi?"

"Masisi," mzee akasema, na bila kuombwa akamtajia herufi mojamoja, kwa Kifaransa, kama mwalimu.

"Haya. Na huku Minnesota kuna mtu yeyote anayeweza kushuhudia kwamba hii ni kweli? Wataniuliza."

Mzee aligeuza uso akaangalia ukuta, palipokuwa na kalenda. Sikujua kama ananiachia nafasi au ananiepusha na aibu mbele ya rafiki yangu.

"Yupo," nikasema. "Andika jina langu."

"Uhusiano wenu?"

"Ndiye aliyenifundisha. Mimi ni mwanafunzi wake."

Mumbi akaandika. Mzee bado alikuwa akiangalia kalenda. Kisha akakohoa, akainama mbele kuelekea meza ya Mumbi, na akasema kwa ile sauti yake ya kiwandani ambayo sikuwa nimeisikia miaka sita:

"Ile aliyoniuzia ilikuwa na chumvi nyingi. Hiyo usiandike."